Mjadala: Kujitoa uhai, tunawaangalia vijana tu?

Mwanzilishi, Kondele: Mtu akijitoa uhai hapa Kisumu, gumzo hukimbilia vijana: simu, mapenzi, kamari. Sikatai. Shirika la Afya Duniani linasema watu zaidi ya 720,000 hufa hivyo kila mwaka, na kwa wenye miaka 15 hadi 29 ndiyo sababu ya tatu ya vifo. Ila kijana hafi sana kwa magonjwa, kwa hiyo sababu kama hii lazima ipande juu kwenye orodha yake. Ukipima kwa kila watu 100,000, katika nchi nyingi wazee wanaongoza, hasa wanaume. Mzee amefiwa na mke, miwa haijalipwa, watoto wako Nairobi. Nani anamjulia hali? Kaunti ikiweka washauri nasaha shuleni tu, huyu hayumo.

Njoro: Ndugu, kiwango ni kitu kimoja, makaburi ni kingine. Zaidi ya nusu ya vifo hivi duniani ni vya watu ambao hawajafika miaka 50. Pesa zikiwa kidogo, ziende waliko wengi. Na mwenye mikopo ya simu mitano si mzee wako.

Mhudumu wa afya ya jamii, Kakamega: Mnabishania hesabu ambayo hata haijakamilika. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kilimpa aliyejaribu kujiua hadi miaka miwili jela, mpaka Jaji Lawrence Mugambi alipokibatilisha Januari 2025. Nani angesema ukweli hospitalini? Tena koo kadhaa huku humzika mtu huyo usiku, bila matanga, kwa hiyo familia husema "aliugua ghafla". Takwimu zikipanda sasa, huenda ni midomo imefunguka. Na tafadhali, ukimshuku mtu, muulize waziwazi. Swali halimpandi mtu wazo, na wengi hushusha pumzi wakiulizwa.

Mwanzilishi: Njoro, kwa idadi umenishika. Lakini si lazima tuchague rika. Sri Lanka ilipiga marufuku dawa za shambani zenye sumu kali zaidi, na kati ya 1995 na 2015 vifo vya kujiua vikashuka kwa takriban asilimia 70. Hakuna aliyeulizwa umri.

Njoro: Sawa, na mahindi yangu?

Mhudumu: Mavuno yao hayakuanguka, mzee. Ziko dawa nyingine zisizo kali hivyo. Waulize wa agroveti kwa nini hawaziweki mbele.