Tupeane uzoefu: maji yakipungua, ujirani unabaki?

Wakuu salaam. Mimi ni mkulima wa mpunga Usangu, Mbarali. Aprili 2007 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilijadili mabadiliko ya tabianchi kwa mara ya kwanza. Wapo walioshangaa hali ya hewa inahusianaje na usalama. Mimi sishangai.

Kuna msimu mvua zilichelewa mpaka Januari, miche ikawa njano kitaluni. Zamu yangu ya maji ilikuwa saa nane usiku. Nafika na tochi, mfereji mkavu, tope limeshaanza kupasuka. Nikaufuata mpaka juu, nikamkuta jirani ameziba maji kwa viroba vya mchanga, kavikalia, panga magotini. Huyo ni mtu tuliyezikana naye. Hatukusalimiana. Niligeuza, na mpaka leo namshukuru Mungu niligeuza.

Kesho yake kikao cha skimu yetu ya umwagiliaji kiliamua kwamba miche michanga inywe kwanza, na kila zamu ya usiku walinde wawili, mmoja wa juu na mmoja wa chini. Panga sijaliona tena mferejini. Nyie wenzangu mnafanyaje?

Mdau wa Pawaga: Kamwene. Sisi wa chini tunapata mabaki. Tangu miaka ya 1990 mto Ruaha Mkuu unakatika kiangazi kule Hifadhi ya Ruaha, viboko wanabanana kwenye madimbwi. Mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu yanategemea maji hayohayo. Mgao wa umeme wa 2006 nilikuwa na mashine ya kusaga Iringa mjini, watu wanarudi na debe zao za mahindi jioni. Ila tusiisingizie mvua peke yake, mkuu. Mifereji mingi huko juu inaachwa wazi kiangazi, shambani hakuna kitu.

Mfugaji: Mimi nilikuwa Ihefu, kwenye kinamasi cha Usangu. Tulipoondolewa 2006 tuliswaga ng'ombe kuelekea Lindi. Ng'ombe wengine walifia njiani, ndama nikawabeba begani. Tulikofika wakulima hawatujui, malisho hayajapimwa. Ugomvi ulihama pamoja nasi. Naomba mtu asipange kutuhamisha kabla hajatuonyesha ng'ombe watakunywa wapi.

Wa Mufindi: Mfugaji, pole sana. Kwetu ni vinyungu, yaani bustani za mabondeni za kiangazi. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka chanzo cha maji, lakini kinyungu ndicho kilimlisha mama yangu kila Oktoba ghala likiisha. Ukimwambia atoke, ale nini? Tulichofanya ni kung'oa mikaratusi chanzoni, tukapanda mivengi, miti ya asili, na wenye vinyungu vya karibu kabisa wakapewa eneo jingine kabla ya kuondoka. Ilichukua vikao vingi, wengine walinuna mwaka mzima. Kijito sasa kinatiririka mpaka Novemba.

Mleta mada: Wa Mufindi, hilo eneo jingine lilitoka kwa nani, kijiji au watu walijitolea? Na mivengi mlianza na mbegu au miche? Kikao chetu ni Jumamosi.