Mjadala: Land Rover Series III ibaki ilivyotoka kiwandani au iboreshwe?

Tangu 2018 sheria ya Uganda inazuia kuingiza magari mengi ya zaidi ya miaka 15. Series III zilitengenezwa 1971 hadi 1985, kwa hiyo ukiharibu iliyopo, kupata nyingine ni kazi. Tuziguse au tuziache?

Wa Jinja: Watu wanafunga breki za diski mbele kabla hawajajua breki zao za ngoma zina shida gani. Zile ndefu, 109 (inchi kati ya ekseli), zina sehemu mbili za kurekebishia kila gurudumu la mbele. Fundi akigusa moja tu, gari linavuta upande. Inua gurudumu, kaza sehemu ya kwanza hadi likwame, legeza kidogo kidogo hadi lizunguke huru, kisha rudia ya pili. Halafu mwaga oili yote ya breki uweke mpya, maana iliyonyonya maji huchemka mteremkoni na pedali inazama.

Wa Kabale: Ndugu, kwa milima ya huku ngoma hupata moto hata zikirekebishwa vizuri. Diski hupoa haraka. Kosa ni kubakiza masta silinda (pampu inayosukuma oili ya breki) ya ngoma. Nyingi zina vali inayoacha presha kidogo kwenye bomba ili viatu vya breki visirudi mbali na ngoma. Diski haitaki presha hiyo: pedi zinabaki zimebana, na ukifika Lukaya, njiani kwenda Kampala, rimu haishikiki kwa moto.

Wa Ndeeba: Mimi nasema anza na distribyuta, ile inayogawa moto kwenye plagi; weka moduli ya kielektroniki badala ya pointi. Pointi za Lucas, swichi ndogo ya ndani yake, zinataka mwanya wa milimita 0.35 hadi 0.40, na kadiri kisigino chake kinavyolika mwanya unapungua, moto unachelewa, injini inachemka na kukosa nguvu. Lakini pima koili inayozalisha moto kwanza. Ikiwa chini ya omu 3, moduli nyingi huweza kuungua. Usiache swichi imewashwa injini ikiwa imezimwa. Pointi na kondensa za zamani zikae garini, ikifa njiani unazirudisha.

Wa Jinja: Hapo sawa. Ninachokataa kabisa ni kufunga 3L, injini ya dizeli ya Toyota Hiace. Bamba la kuunganishia giaboksi likikosa senta kidogo tu, linakula beringi na klachi. Tena wanakata mikono inayoshikilia injini kwenye chesisi kwa gesi, na namba ya injini hailingani na logibuku.

Wa Kabale: Ssebo, injini ya petroli ya 2286 cc hunywa lita 60 hivi Kampala hadi Kabale. Gari la kazi litamudu?

Wa Jinja: Basi bamba lichongwe kwenye mashine, mikono mipya ifungwe kwa bolti, chesisi isikatwe. Injini ya zamani mimina oili kwenye silinda, ziba matundu, uihifadhi na namba yake.