Pointi, mfululizo wa siku au fumbo lenyewe?

MtunziTanga: Wakuu, habari zenu. Natengeneza programu ya simu ya kurudia hesabu za kidato cha kwanza. Nina njia tatu: pointi na beji, mfululizo wa siku, ukikosa siku moja unaanza upya, au mafumbo yanayozidi ugumu bila zawadi. Mngeanza na ipi?

BiHesabu: Mdogo wangu, mimi nafundisha. Niliwahi kubandika jedwali la washindi ukutani. Watano wa juu walikazana kweli, wa mkiani wakaacha hata kujaribu. Ukitaka jedwali, mlinganishe mtoto na alama zake mwenyewe za wiki iliyopita.

Mwanagenzi: Mfululizo unajenga mazoea. Ila nami nikijifunza Kijerumani, saa tano usiku huchagua somo jepesi kuliko yote ili hesabu ya siku isikatike. Mazoea ninayo, Kijerumani bado.

Kete64: Tazameni bao la kiswahili, mashimo 32 na kete 64. Kete unazokula huzitii kibindoni. Unazisambaza upande wako kuanzia kichwani, yaani shimo la pembeni la safu ya mbele, na ndizo utakazochezea zamu zijazo. Kila ukila, unapata jambo jipya la kuamua. Pointi za programu nyingi zinajaa tu, hazimfanyi mchezaji afikiri. Tena kila mchezaji huanza na kete 22 mkononi, anaziingiza mojamoja katika hatua ya kwanza, kunamua, ndipo ije ya pili, mtaji, ya kuchezea kete zilizo ubaoni tu. Mkuu, nawe usimmwagie mtoto kila kitu siku ya kwanza.

Mwanagenzi: Na zawadi zina hatari. Mwaka 1971 mwanasaikolojia Edward Deci aliwalipa wanafunzi wa chuo kwa kutatua mafumbo ya vipande. Malipo yalipokoma, hamu yao ya kuyacheza kwa hiari ilipungua.

MtunziTanga: Basi pointi zinunue kidokezo, au haki ya kuchagua swali gumu zaidi?

BiHesabu: Anayekosa kila swali atanunua kwa pointi zipi?

Kete64: Dada, hapo umenishika. Apate pointi akionyesha hatua aliyokosea.

BiHesabu: Hilo nalikubali kwa mikono miwili. Hata hiyo akili unde inayokuja kupanga ugumu kwa kila mtoto, mimi nitaipima hapo: inamwonyesha kosa lake, au inamrahisishia tu asiondoke?

MtunziTanga: Naanza na mafumbo, pointi za kununua vidokezo, mfululizo nauacha. Dada, nitumie maswali ya mada wanayokosea zaidi.

BiHesabu: Kutoa namba hasi. Nakutumia leo jioni.