First Aid, Pathoma au Costanzo: kipi kiwe kitabu cha msingi kwa Step 1?

Mwanzo_Mpya
Wakuu, habari zenu. Nimemaliza masomo ya udaktari, sasa najiandaa na Step 1 ya USMLE, mtihani wa leseni ya Marekani. Mfuko unaniruhusu kununua kitabu kimoja kipya na kulipia benki ya maswali kwa miezi michache, basi. Nimebaki na vitatu: First Aid, Pathoma (cha patholojia), na BRS Physiology ya Linda Costanzo (cha fiziolojia). Fiziolojia ya figo na moyo bado inanisumbua, patholojia niko vizuri kiasi, baiokemia imefutika kichwani. Naomba mliokwishapita njia hii mnilinganishie.

daktari_wa_zamu
Karibu sana, mkuu. Kwangu ni First Aid, bila kusita. Kati ya hivyo vitatu ndicho pekee kinachogusa masomo yote: baiokemia, kinga ya mwili, vijidudu, dawa, takwimu, hadi maadili ya kazi. Toleo jipya hutoka kila mwaka, kwa hiyo hakiachi mtihani uende mbali nacho.

Ila ujue unachonunua. Ni kitabu cha kukumbusha, si cha kufundisha. Ambaye hajawahi kuelewa mzunguko wa urea hatauelewa kwa kuukodolea macho mchoro wake mle ndani. Na tafadhali usikisome mfululizo kama riwaya. Utafika kwenye mfumo wa upumuaji huku vijidudu vyote vimeshakutoka.

Nefroni
Naomba nitofautiane na daktari hapo juu, kwa sababu mleta mada ametaja figo na moyo kwa jina.

Tuchukue jambo moja. First Aid itakwambia dawa za kundi la vizuizi vya ACE zitumike kwa tahadhari kwa mgonjwa ambaye ateri za figo zote mbili zimesinyaa. Mstari huo unakaririka haraka. Sasa swali linakuja hivi: mzee mvutaji sigara, presha imegoma kushuka, kaanzishiwa lisinopril, mojawapo ya dawa hizo, wiki mbili baadaye kreatinini (taka inayoonyesha figo zinavyochuja) imepanda. Nini kimebadilika kwenye glomerulasi, kichujio kidogo cha damu ndani ya figo? Neno "tahadhari" halimo popote.

Hapo unatakiwa uwe unajua kwamba damu ikiifikia figo kidogo, homoni ya angiotensini II huibana ateriola (mshipa mdogo) inayotoa damu kwenye glomerulasi, ili shinikizo ndani lisishuke na uchujaji uendelee. Lisinopril inazuia homoni hiyo isitengenezwe, hivyo inaondoa mbano huo. Ateriola inatanuka, shinikizo linaanguka, uchujaji nao unaanguka. Ukishaielewa njia hiyo, na swali la dawa za maumivu kama ibuprofen umelijibu: zenyewe zinazuia prostaglandini, kemikali zinazoitanua ateriola ya kuingizia damu, kwa hiyo inayobanwa ni ateriola ya upande wa kuingizia damu. Wakikuuliza sehemu ya plazma inayochujwa imepanda au imeshuka, unaipata kwa kufikiri, hubahatishi.

Costanzo anakufikisha hapo. Sura ni saba tu, lugha nyepesi, na kila sura ina maswali yake mwishoni. Kwa udhaifu alioutaja mwenzetu, hiki ndicho kitakachompa alama nyingi zaidi kwa kila saa anayokaa nacho.

Siti_Histo
Pathoma usinunue, dada au kaka, kama kweli patholojia iko vizuri. Nguvu yake iko kwenye video za Dkt. Husain Sattar, kitabu chenyewe ni chembamba, kimeachiwa nafasi ya kuandika pembeni wakati unamsikiliza. Baiokemia na dawa hutavipata humo.

Lakini ukipata namna ya kuziangalia sura tatu za mwanzo (seli zinavyojibadili na kufa, inflamesheni, misingi ya saratani), usiziache. Ni ndizo zinazorudi kwenye kila mfumo wa mwili.

kaka_mkubwa
Mnabishana vitabu wakati uzito uko kwenye benki ya maswali. Tangu Januari 2022 Step 1 haitoi alama ya namba, ni kufaulu au kufeli. Ushauri mwingi mnaousoma mtandaoni uliandikwa na watu waliokuwa wanakimbizana na alama 250 na rundo la vitabu. Wewe unahitaji kufaulu kwa uhakika, na kujenga msingi wa Step 2 CK, mtihani unaofuata wa maarifa ya kitabibu, ambayo bado inatoa namba na ndiyo waajiri wa mafunzo ya ubingwa wanaiangalia.

UWorld, benki ya maswali inayotumiwa sana, ina maswali zaidi ya 3,600. Anza nayo mapema, usiitunze kwa ajili ya mwisho. Fanya maswali 40 ya masomo mchanganyiko kwa muda maalumu, kisha soma maelezo ya majibu yote, hata yale ya machaguo yaliyokosewa. Pale ulipokwama, fungua ukurasa husika wa First Aid na uandike sentensi moja ya kwa nini. Ukifanya hivyo kitabu kinakuwa chako. Majaribio sasa mwisho ni manne kwa kila hatua, kwa hiyo usiende "kuonja".

Mwanzo_Mpya
Nashukuru sana. Kuna rafiki ana First Aid ya mwaka juzi, yuko tayari kunipa. Je, inafaa, ili hela ya kitabu iende kwa Costanzo?

daktari_wa_zamu
Inafaa kabisa. Tofauti ya toleo moja na jingine si kubwa. Tafuta orodha ya masahihisho ya toleo hilo mtandaoni, ukae siku moja na kalamu nyekundu urekebishe kabla hujaanza kukariri chochote. Kwa hali hiyo hata mimi naungana na Nefroni: nunua Costanzo.

Nefroni
Ahsante, daktari. Mkuu, anza na sura ya figo pamoja na asidi na besi, jibu maswali ya mwisho wa sura, ndipo uende UWorld kwenye figo. Baiokemia iweke kwenye kadi za Anki (programu ya kadi za kukariri), kidogo kila siku. Hiyo haitaki kikao kirefu.

Siti_Histo
Na yale maswali 120 ya bure kwenye tovuti rasmi ya USMLE usiyaguse sasa. Fanya kwanza mitihani ya kujipima ya NBME (bodi inayoshiriki kuandaa USMLE), hayo 120 yaache hadi siku za mwisho. Kama mitihani ya NBME bado inakuonyesha uko mpakani, sogeza tarehe.