Kamera ndogo mkononi au kubwa kwenye stendi? Njia mbili za Dawoud Bey

LenziYaPwani
Habari zenu. Mwaka wa sita huu napiga harusi, sasa nataka kazi yangu mwenyewe: sura za wavuvi wa hapa Tanga. Namfuatilia sana mpiga picha Dawoud Bey wa Marekani kwa sababu amepita njia mbili. Kuanzia 1975 alizunguka Harlem, mtaa wa New York, na kamera ndogo ya filamu ya milimita 35, picha zikaonyeshwa kwenye jumba la sanaa la Studio Museum in Harlem mwaka 1979. Kuanzia 1988 akasimamisha barabarani, kwenye stendi ya miguu mitatu, kamera kubwa ya filamu ya inchi 4 kwa 5, mtu anatulia mbele yake. Nianze na ipi? Halafu kufundisha: yeye alianza kufundisha chuo cha Columbia College Chicago mwaka 1998. Kunajenga au kunamaliza?

BintiMkanda
Kaka, mimi ningeanza na filamu yake. Polaroid Type 55 ilitoa vitu viwili kwa mpigo, picha kamili na negativu, yaani filamu ya kuchapia nakala nyingine. Picha alimpa aliyepigwa palepale, negativu akabaki nayo.

Hili nalisema kwa uchungu. Niliwahi kurudi kijiji fulani baada ya miezi minane, mama mmoja akanishika mkono: "Si wewe uliyempiga picha mume wangu?" Mzee alishafariki. Picha yake ya mwisho ilikuwa kwenye kompyuta yangu, hata haijasafishwa. Nilipanda basi kwenda mjini siku ileile.

Polaroid iliacha kutengeneza filamu zake mwaka 2008, lakini printa ndogo za betri zipo. Nunua hiyo kabla ya lenzi mpya.

Msafiri_35
Dada BintiMkanda nakuunga mkono kwenye kurudisha picha, ila kamera ndogo isihukumiwe. Tazama yule mvulana wa 1976 mbele ya sinema ya Loew's, mtaa wa 125: miwani myeusi, ameegemea kizuizi, katulia kama pale ni kwake. Hakuviziwa yule. Wazazi wa Bey walikutana Harlem lakini yeye alikulia Queens, upande mwingine wa New York, kwa hiyo alikuja kama mgeni, akawa anarudi na kurudi mpaka wakamzoea. Ukienda bandarini mara mbili tu, hata stendi ya dhahabu haitakusaidia.

MwlZuhura
Kuhusu kufundisha. Mimi ni mwalimu wa picha chuoni, na muhula ukianza kamera yangu hulala wiki tatu, nne. Mshahara lakini haungoji msimu wa harusi.

Bey aliwafuata vijana mashuleni, akawapiga picha na kuwaacha waandike habari zao wenyewe. Kitabu chake Class Pictures kilitoka 2007. Na kazi yake ya 2012 kuhusu Birmingham, mji wa Alabama huko Marekani, siwezi kuitazama haraka. Mwaka 1963 bomu kwenye kanisa la mji huo liliua wasichana wanne, na siku hiyohiyo wavulana wawili wakauawa. Alimweka mtoto wa umri wa marehemu kando ya mtu mzima wa umri ambao marehemu angekuwa nao. Mikono yao tu inatosha kukunyamazisha.

LenziYaPwani
Asanteni sana, shikamoo mwalimu. Nimeamua stendi na printa. Wiki hii naenda bila kamera, nikakae na wazee wanaoshona nyavu. BintiMkanda, karatasi za hizo printa zinastahimili hewa ya chumvi?

BintiMkanda
Zifunge kwenye mfuko wa plastiki, utoe moja moja.