Kulungu uliyemjeruhi akakupotea: kibali chako kimekwisha au bado?

Mleta mada

Naomba tulijadili hili kwa utulivu, maana mimi limekuwa likinikosesha raha. Nasemea uwindaji wa kulungu wale wenye pembe za matawi, zinazodondoka kila mwaka na kuota upya, ambao Biblia ya Kiswahili inawaita ayala. Umepewa kibali cha kuua mmoja. Umempiga, akakimbia akivuja damu, ukamtafuta ukamkosa. Je, kibali chako kimekwisha? Au kesho unarudi porini na kibali kilekile kana kwamba jana hukufanya kitu?

Katika majimbo mengi ya Marekani sheria inakudai juhudi za kweli za kumtafuta, halafu basi. Kibali ni cha mnyama uliyempata, si uliyempiga. Mimi nasema haitoshi. Uliyemtoboa ukampoteza ni wako, na msimu wako umeishia hapo. Na wa kukuambia hivyo kabla ya askari wa wanyamapori ni wenzako mliotoka nao kambini.

Nieleze kilichonifikisha hapa. Tulikuwa wanne, tumewinda pamoja misimu sita. Jioni moja mwenzetu alikuwa juu ya dungu lake na upinde, akamrushia mshale dume. Alipotuita tukaukuta mshale chini umepakaa uchafu wa kijani wenye harufu mbaya. Anayewinda anajua maana yake: umepita tumboni. Kulungu wa namna hiyo hafi upesi. Anatembea amekunja mgongo, anatafuta kichaka alale. Ukimfuata mapema unamkurupusha, naye akinyanyuka huenda mbali, na damu inakatika njiani kwa sababu mafuta na utumbo huziba tundu la jeraha. Unatakiwa umwachie muda wa saa 8 hadi 12.

Tulimwachia usiku kucha. Asubuhi tukafuata damu: kwanza matone ya kutosha, baadaye tone moja kila hatua kumi, mwisho hakuna. Kabla ya mchana mwenzetu akasema yatosha, huenda yule yuko hai. Jioni akapanda dungu tena, akampiga mwingine, naye akaanguka palepale. Kambini tukashangilia. Mimi pia nilishangilia.

Siku ya tatu kunguru walitupeleka kwenye matete, kama hatua mia nne kutoka tulipoachia kutafuta. Alikuwa ndiye. Tulimwona sisi watatu, na hatukumwambia mwenyewe, kwa kuwa hatukutaka kumharibia furaha yake. Wakati ule tuliona huo ndio urafiki.

Sasa ni misimu miwili imepita na mimi siuoni tena kuwa urafiki. Karibuni mseme.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, pole kwa yaliyowakuta, lakini unataka kutunga kanuni kwa kosa la siku moja.

Kwanza, si kila kulungu aliyepigwa anakufa. Mshale ukipita kwenye nyama ya bega au juu ya mgongo, mnyama anapona. Sisi tunaochuna tumekuta ncha za mishale ya miaka ya nyuma zimefunikwa na nyama iliyopona kabisa, na kulungu mwenyewe amenenepa. Huyo unamhesabu vipi kuwa ameuawa? Utakuwa unaandika uongo kwa jina la ukweli.

Pili, nani atasimamia? Mtu yuko peke yake porini alfajiri, amempiga, amempoteza. Mwaminifu atarudi nyumbani na kufunga msimu wake, mwongo ataendelea kuwinda. Kanuni inayomwadhibu mkweli peke yake itawafundisha watu kunyamaza. Leo mtu akimpoteza anaomba msaada kambini bila woga. Mwambie kuwa akisema atapoteza kibali, uone kama ataomba.

Mimi ningetaka tuige Sweden. Kule ukiwinda kulungu ni lazima awepo mbwa aliyefunzwa kufuata wanyama waliojeruhiwa, anayeweza kufika mahali pa tukio ndani ya saa 2. Hiyo inamsaidia mnyama. Kufuta kibali kunamsaidia nani?

Mchangiaji wa pili

Mimi naongoza mbwa wa kufuata damu, kwa hiyo nitasema ninayoyaona.

Ninapoitwa, mara nyingi kinachokuwa kimeharibu kazi si mvua wala giza. Ni wenzake. Watu sita wamekuja na tochi, kila mtu kwa mapenzi mema, wamekanyaga damu na kuisambaza kwa viatu kila upande. Mbwa wangu anafuata zaidi ya damu: anafuata harufu ya mnyama huyo mmoja, hata ile inayotoka kwenye kwato zake akiwa na hofu na maumivu. Sasa harufu hiyo imebebwa na viatu jozi sita mpaka kambini.

La pili ni kudanganywa. Nauliza, ulimpiga wapi? Najibiwa, nyuma ya bega, pazuri kabisa. Nafika naona damu nyeusinyeusi, yaani ini, tena wamekwisha kumfuata nusu saa baada ya kumpiga. Damu ya mapafu ina rangi ya waridi na mapovu, na mnyama wake mara nyingi hafiki mita 150. Kama ni ya mapafu, mimi nimeitiwa nini? Mtu anadanganya kwa sababu wenzake wamesimama pale na anaona aibu. Akinivuta pembeni ananiambia ukweli.

Ndiyo maana sikubaliani na kaka wa kwanza kwamba leo watu wanasema bila woga. Wanaogopa sana, ila wanachoogopa ni kuchekwa.

Ujerumani wana desturi ninayoipenda kuliko sheria yoyote. Kulungu akipatikana, mpigaji hukabidhiwa tawi dogo lililochovywa kwenye damu ya mnyama, juu ya kofia au ubapa wa kisu. Lakini kama alipatikana kwa kazi ya mbwa, mpigaji hukata sehemu ya tawi lake akampa aliyeongoza mbwa, na mbwa mwenyewe huvikwa kipande shingoni. Pale mbele za watu unakiri kwamba hukumaliza kazi peke yako, na hakuna anayekucheka. Kulungu naye huwekewa tawi mdomoni, tonge lake la mwisho. Sheria yao pia inakulazimisha kumwondolea mateso mnyama uliyemjeruhi, lakini mimi naamini lile tawi linafanya kazi kubwa zaidi.

Kuhusu swali lenyewe, niko upande wa mleta mada nusu. Nitaeleza akijibu.

Mchangiaji wa tatu

Mimi siwindi na wala sili nyama. Nimesoma yote na nashangaa hakuna aliyeuliza la kwanza: kama mnajua kwamba wengine watakimbia na utumbo umetoboka wakafe polepole kwenye matete, kwa nini mnarusha mshale? Mnabishana nani alipe baada ya kosa, wakati kosa lenyewe mmelipangia msimu na vibali. Sisemi kwa dharau. Ile hadithi ya kunguru imeniumiza.

Mchangiaji wa nne

Wanangu, mimi ni mtu mzima, nimewinda kwa bunduki zaidi ya miaka arobaini. Binti yangu wa hapo juu ameuliza kwa heshima, naye ajibiwe kwa heshima. Mwanzoni mwa karne iliyopita kulungu wa mkia mweupe Marekani walikadiriwa kuwa kama 500,000 tu, kwa sababu waliuawa kwa biashara bila mpaka. Leo wanakadiriwa kufika milioni 30 hivi, na puma (paka wakubwa wa porini wa kule) na mbwamwitu waliokuwa wakiwapunguza hawapo tena sehemu nyingi. Wakizidi wanakula miche yote, msitu haupati warithi, na wao wenyewe wanakufa njaa wakati wa theluji. Kule kuna kodi ya asilimia 11 kwenye bunduki ndefu na risasi, na kwa sheria ya mwaka 1937 fedha ya kodi hiyo inarudi kwenye kutunza wanyama na makazi yao. Haifuti maumivu ya yule wa matete. Nasema tu kwamba kutowinda nako kuna vifo vyake, ila havionekani.

Nirudi kwenye hoja. Mleta mada, umesahau kwamba kulungu aliyejeruhiwa anaweza kupita mbele ya mwindaji mwingine. Huyo akimmaliza, ni wa nani? Kambi nyingi husema ni wa aliyetoa damu ya kwanza, nyingine husema ni wa aliyemwangusha. Nimeona marafiki wa miaka ishirini wakiachana kwa hilo. Sasa kwa kanuni yako, wa kwanza amepoteza kibali kwa kumjeruhi, na wa pili anatumia chake kwa kumwangusha. Mnyama mmoja, vibali viwili.

Jambo hili lilifika mpaka mahakamani New York mwaka 1805. Bwana Post alikuwa akimfukuza mbweha kwa mbwa wake ufukweni, Pierson akaona yote, lakini akamuua na kumchukua. Mahakama ikampa Pierson ushindi: kufukuza peke yake hakumfanyi mnyama kuwa wako. Ila waliongeza kwamba aliyemjeruhi mnyama jeraha la kufa, na hajaacha kumfuata, anaweza kuhesabiwa kuwa mwenyewe. Yaani umiliki unaendelea maadamu hujaacha kumfuata. Jaji Livingston, aliyepinga, alisema jambo la namna hiyo lingefaa kuamuliwa na wawindaji wenyewe. Mimi kwa hilo la mwisho niko naye.

Mleta mada

Asanteni. Nimesoma kila neno, na nianze na dada asiyewinda. Sina jibu litakalokutosha, na mzee amesema vizuri kuliko ningeweza. Lakini naomba ujue kwamba swali lako ndilo linaloniongoza: kama nimekubali kurusha mshale, siwezi kusema kifo kile hakinihusu kwa sababu sikukiona.

Mkuu wa kwanza, umenipata kwenye usimamizi. Hii haiwezi kuwa sheria ya askari na faini, naiondoa. Ila haiko mbali na dunia kama unavyodhani. Katika sehemu fulani za Alaska dubu aliyejeruhiwa huhesabiwa kwenye idadi yako hata usipompata. Na kwenye uwindaji wa kitalii kusini mwa Afrika ni kawaida: umemjeruhi akapotea, unalipa kama uliyemuua. Watu wanaufuata utaratibu huo na hawaachi kuwinda.

Kuhusu wanaopona, mshale wenyewe unasema. Ukikuta mafuta meupe na damu kidogo iliyokatika mapema, mnyama yuko hai, endelea na kibali chako. Lakini wa kijani, au damu ya ini? Hapo hatubahatishi. Sisi wanne tuliuona mshale ule, sote tulijua tunasoma nini, halafu asubuhi tukakubali maneno ya "huenda yuko hai" kwa sababu yalitufaa sote. Kila mmoja alitaka kurudi kwenye dungu lake. Hilo ndilo ninalolikataa. Hatukumwonea huruma mwenzetu tu, tulijionea huruma sisi, maana kumwambia "tuendelee kutafuta" kulikuwa na gharama ya siku zetu.

Mzee wangu, kuhusu vibali viwili umeniokoa na kosa. Nakubali: akimalizwa na mwingine huku wa kwanza bado yuko kwenye nyayo, kibali ni kimoja, cha yule wa kwanza, na mnyama ni wake. Akiwa amekwisha kukata tamaa na kurudi kambini, mnyama ni wa aliyemwangusha, na wa kwanza anabaki na kibali chake, kwa sababu kifo kimekwisha kuhesabiwa. Nadhani hivyo hakuna atakayeachana na rafiki.

Kwa hiyo nabadilisha hoja yangu iwe hivi. Kabla ya msimu, kambi inakaa na kukubaliana kwa mdomo: mshale ukionyesha tumbo, ini au mapafu, wote tunashuka madungu na hakuna anayewinda mpaka siku ya pili ya kutafuta iishe, na mbwa ameitwa kabla hatujakanyaga kitu. Akikosekana, aliyempiga anafunga msimu wake, na sisi tunabaki naye kambini tukimpikia kama aliyefanikiwa.

Mchangiaji wa pili

Sasa nakuunga mkono kamili, hasa hapo pa kubaki naye. Nusu niliyoikataa ilikuwa ile ya kumwacha mtu peke yake na aibu yake. Ila ongeza jambo moja: mkinipigia simu, anipigie yule aliyempiga mwenyewe, akiwa peke yake.

Mchangiaji wa kwanza

Kwa makubaliano ya kambi sina ubishi. Kwa sheria bado napinga. Na nina swali kwa mleta mada: yule mwenzenu mmeshamwambia?

Mleta mada

Nilimpigia juzi, kabla ya kuandika haya. Nikamweleza habari ya kunguru na matete. Akanyamaza muda mrefu mpaka nikadhani simu imekatika. Halafu akaniuliza pembe zilikuwa na ncha ngapi, nikamwambia nane, tawi la kushoto limevunjika kidogo. Akasema, "Ndiye." Hakuuliza tena kuhusu kulungu. Aliuliza kwa nini tulimwacha ashangiliwe.