Mikorosho ya marehemu baba iliwekwa rehani, sasa aliyeipokea anadai aliuziwa

Mjukuu wa Kitama:
Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za leo. Ninaandika kutoka Tandahimba. Mwaka 2015 baba aliuguliwa na mdogo wangu, akaweka rehani shamba la mikorosho la ekari mbili kwa jirani yetu kwa shilingi laki sita, kwa makubaliano kwamba jirani ataokota korosho hadi fedha yake itakaporudi. Karatasi iliandikwa mbele ya balozi wa nyumba kumi, nayo inasema tu kwamba baba "amekabidhi shamba", haitaji kuuza wala rehani. Baba alifariki mwaka 2021. Juzi nilipompelekea jirani laki sita zake alizikataa, akasema shamba alilinunua na kwamba hata chama cha msingi cha ushirika kinamtambua, kwa kuwa ndiye aliyesajiliwa kupokea salfa (dawa ya kupulizia mikorosho) ya shamba lile. Ndugu zangu wananihimiza niingie nikaokote kwa nguvu kabla minada ya korosho haijaanza. Je, haki yetu ipo, na nianzie wapi?

Nahodha wa Mikindani:
Pole, kaka. Mfikishe baraza la kata likaamue. Shamba la shangazi yangu liliamuliwa huko mwaka 2012, bila wakili.

Karani Mstaafu:
Marahaba, mwanangu. Ndugu wa Mikindani asinichukie, lakini anayoyasema ni ya zamani. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, baraza la kata halitoi tena hukumu katika migogoro ya ardhi, bali linasuluhisha tu. Usuluhishi ukishindikana linakupa hati ya kuthibitisha hivyo, nayo ndiyo unayokwenda nayo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Na siku 30 zikipita bila suluhu, unaweza kufungua shauri hata bila hati hiyo.

Lakini huko kote usiende kwanza. Shamba ni la marehemu, na wewe kuwa mwanawe hakukupi mamlaka ya kulidai mahakamani. Anayedai mali ya marehemu ni msimamizi wa mirathi. Fanyeni kikao cha ukoo, muandike muhtasari, kisha aliyependekezwa aende Mahakama ya Mwanzo ya mahali alipoishi baba, akiwa na muhtasari huo na cheti cha kifo.

Kuhusu karatasi, jirani asikutishe nayo. Ikiwa shamba liko katika ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka uhamisho wa haki hiyo upate idhini ya halmashauri ya kijiji, na Mahakama ya Rufani imekwisha kusema kwamba mauzo yasiyo na idhini hiyo ni batili. Balozi wa nyumba kumi si halmashauri ya kijiji. Usajili wa salfa nao unaonyesha nani anahudumia mikorosho, hauonyeshi ardhi ni ya nani. Na kwetu huku kila mtu anajua kwamba anayeshika rehani ndiye anayepalilia, anayepulizia na anayeokota.

Laki sita zitunze, kwa sababu hata ukishinda unaweza kuamriwa umrudishie. Safari ijayo mpelekee kwa barua, mbele ya mashahidi, ubaki na nakala. Kuokota kwa nguvu usithubutu, maana utageuka kutoka mdai hadi mshtakiwa wa wizi, na jirani atakuwa amepata alichokuwa anakitafuta. Wala usikae sana, kwani ukomo wa madai ya ardhi ni miaka 12.

Mama wa Lulindi:
Mwanangu, hilo la msimamizi lishike sana. Kaka yangu alifungua shauri kwa jina lake mwenyewe, likatupwa bila hata kusikilizwa mashahidi, nasi tukapoteza misimu miwili. Aliporudi kutafuta usimamizi, alikuwa amefanya kikao na wanaume peke yao, akatuacha dada zake watatu, na mmoja wetu (sitamtaja, lakini hakukosea) akaweka pingamizi. Waite warithi wote, na mama yako kama yupo, kila mmoja atie saini.

Mjukuu wa Kitama:
Nawashukuru sana. Mama yupo na cheti cha kifo kipo. Tatizo ni kwamba balozi aliyeandika karatasi ni shemeji yake jirani.

Karani Mstaafu:
Hata hivyo anaweza kuitwa, naye ataulizwa kwa nini neno "kuuza" halimo katika karatasi aliyoiandika mwenyewe. Ila usimtegemee yeye peke yake. Watafute waliokuwepo siku ile na majirani wa mipakani waliomsikia baba akisema atalikomboa shamba. Wakati mkisubiri mirathi, mwombe mwenyekiti awaite mbele ya Baraza la Ardhi la Kijiji. Halina uwezo wa kumlazimisha mtu, lakini lina wajumbe saba, watatu wakiwa wanawake, na wengi wao bila shaka wanaikumbuka ile rehani.